Gego la Spika

Sokoni kwetu walimwita Spika, na wageni walidhani ni mambo ya bunge. Hapana. Alikuwa mnadi wa mashuka na mapazia ya mitumba, na sauti yake ilifika mpaka kwenye mabucha, upande wa pili wa soko, bila kipaza sauti. Mimi nauza ndoo na mabeseni. Meza yangu imepakana na yake, kwa hiyo sauti hiyo niliisikia kuliko nilivyoisikia ya mume wangu.

Alikuwa akipanda juu ya stuli, anakunjua pazia, analitazama kama anayemkumbuka mtu wa zamani, halafu anaanza. "Hili limetoka kwa tajiri, jamani. Limesikia siri zote za ndoa ile na halijamwambia mtu. Nani analichukua?" Watu wanacheka, mikono inapanda, bei nayo inapanda. Mtu aliyekuja kununua nyanya alirudi kwake na shuka la kitanda kikubwa, kitanda chenyewe hana.

Mume wake ni fundi umeme. Mimi namwita Shemeji, kwa sababu Spika ni shoga yangu wa damu. Nasema mapema kwamba Shemeji si mlevi, hapigi mtu, wala hana nyumba ndogo. Watu wakisikia kisa hiki hutaka kumfanya mnyama, kisha wanalala usingizi mzuri kwa kuwa waume zao si wanyama. Kosa lake lilikuwa moja: alikuwa bahili wa afya. Bahili kwa ujumla pia, fundi umeme ambaye nyumbani kwake balbu ilikuwa moja, inahamishwa chumba hadi chumba kama mgeni anayetafutiwa mahali pa kulala. Lakini kwa hilo tulikuwa tunacheka tu.

Kwenye afya hakukuwa na cha kuchekesha. Ndani ya kabati lao kulikuwa na kopo la biskuti, na biskuti ziliisha zamani. Lilijaa vidonge. Jirani akipona kabla ya kumaliza dozi, masalio yalihamia kwa Shemeji. Mtu akifiwa, Shemeji akienda kuhani alirudi na mkono wa rambirambi mfukoni: vidonge vya marehemu. Maji ya kunywa hayakuchemshwa, maana gesi ni hela. Vyandarua vilikuwa vimetoboka, akavishona kwa waya mwembamba wa umeme. "Hospitali ni mdomo usioshiba," alikuwa anasema, na Spika alikuwa anaitikia, kwa sababu naye alitaka kiwanja. Hela zote, za kwake na za mume, zilikwenda kwenye kiwanja. Mume ndiye aliyezishika.

Gego la chini, upande wa kushoto, lilianza na kitundu. Akinywa kitu cha baridi anakunja uso. Akawa anatafuna upande mmoja. Nikamwambia aende akazibe, akasema atamwambia baba watoto.

Siku hiyo nilikuwa nimempelekea beseni aliloniagiza. Nikamkuta Shemeji amemwaga vidonge juu ya gazeti mezani, anavichambua kwa rangi kama anayechambua mchele. Spika amekaa pembeni, kiganja shavuni.

"Hivi vya rangi mbili vilimponya fundi rangi jipu la kwapa," Shemeji akaniambia.

"Lakini mwenzako ana jino."

"Usaha ni usaha, shemeji yangu. Hauna anwani."

"Nataka kuziba," Spika akasema. "Mwenzangu anayeuza viatu alizibwa, hata hakulia."

"Tutaziba. Kiwanja kwanza. Jino haliendi popote."

Akampa vidonge alivyovipata, vichache, havikufika hata nusu ya dozi. Akavimeza, na maumivu yakaondoka. Shemeji alikuja sokoni kwa furaha kama aliyeshinda kesi. "Mnaona? Daktari angetutoa kiwanja robo." Nilicheka naye. Nani asingecheka, mtu amepona.

Hakuwa amepona. Maumivu yalirudi, kopo likafunguliwa, yakatulia. Yakarudi tena, na kopo lilikuwa limeishiwa vya rangi mbili. Ndipo Spika akaanza kununua kwa Mzee wa Sinia, mchuuzi anayezunguka soko na sinia la vidonge kichwani, anauza kimoja kimoja, bila boksi, chini ya jua. Cha kichwa, cha tumbo, cha mgongo, cha nguvu za kiume, vyote vinalala pamoja. Spika alikuwa anameza viwili asubuhi, anapanda juu ya stuli, ananadi. Shavu likivimba anajifunga kitambaa na kusema ni mtindo.

Kisha ikaja asubuhi moja, soko limejaa, akapanda stuli na kukunjua pazia la kijani. Akafungua mdomo. Sauti iliyotoka ilikuwa kama ya mtu mwenye kiazi cha moto ulimini. Watu wakacheka wakidhani ni vichekesho vyake. Mimi niliona shingo. Chini ya kidevu kulikuwa kumejaa na kukakamaa, shingo imenyooka moja kwa moja na taya, na mate yanamtiririka, anayafuta kwa lile pazia la kijani. Akashuka mwenyewe, polepole, akakaa juu ya furushi la mashuka na kunishika mkono. Alikuwa anasema hawezi kumeza. Maneno hayakutoka hivyo, lakini nilimwelewa.

Tukamchukua kwa teksi, mimi na muuza nyanya. Njiani alikuwa amekaa ameinama mbele kwa sababu akiegemea nyuma hewa haipiti. Muuza nyanya anaomba Mungu, dereva anapiga honi, mimi nimemshika mgongo na ninasikia kila pumzi yake ikikwaruza. Hospitalini daktari wa zamu alimtazama mara moja tu. Hakuuliza jina. Aliita kitanda cha magurudumu, wakaondoka naye mbio.

Walimpasua shingo kutoa usaha. Walimtoboa koo na kumwekea mpira wa kupumulia, kwa sababu njia ya kawaida ilikuwa imeziba. Gego wakaling'oa. Akalazwa chumba cha wagonjwa mahututi, kwenye mashine, mwanamke aliyekuwa anawashinda kelele wauza nyama.

Shemeji alifika na mkanda wa vifaa vyake kiunoni, koleo na bisibisi vinagongana. Daktari aliyempasua, dada mmoja mwembamba mwenye miwani, alitoka kuzungumza naye kwenye korido. Nilikuwepo.

"Ilianza na nini?"

"Jino."

"Tangu lini?"

Alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha.

"Alikuwa anatumia dawa gani?"

Akamweleza yote, kopo, rangi mbili, sinia. Hakudanganya, hilo nampa. Yule dada alisikiliza mpaka mwisho. "Ulikuwa unanyamazisha maumivu," akasema. "Jino lilikuwa linaendelea kuoza chini kwa chini, na wadudu wanaizoea dawa. Dozi haigawanywi kama mkate. Na jipu la jino halitibiwi kwa vidonge peke yake, lazima jino lenyewe lishughulikiwe."

Shemeji akauliza, na hapa ndipo nilipotaka kuvua kiatu nimpige nacho: "Kuziba tu, mwanzoni, ingekuwa bei gani?"

Daktari alivua miwani. "Unaniuliza leo?" Akamtajia.

Ilikuwa chini ya bei ya jozi moja ya mapazia mazuri. Spika alikuwa anauza jozi kadhaa kwa siku.

Shemeji alikaa chini, si kwenye benchi, sakafuni. Sikumhurumia. Nilimpita nikaenda kumnunulia shoga yangu sabuni na taulo.

Kiwanja chote kiliingia hospitali, na kona zake zote nne. Hakikutosha. Shemeji akauza pikipiki aliyokuwa akiendea kazini, na ndugu wakachangishana, wakinung'unika kama kawaida ya ndugu.

Spika alirudi nyumbani amekonda, na kovu limepita chini ya kidevu kama mshono wa gunia. Tundu la kooni likaziba. Sauti haikurudi. Ilibaki ya mkwaruzo, inatoka kidogo, inakatika, na akijilazimisha anakohoa mpaka machozi. Madaktari walimwambia huenda ikaimarika, huenda isiimarike.

Sijawahi kuona mtu akikasirika kwa kunong'ona mpaka siku ile. Ilikuwa mchana, watoto wako shule, mimi nimekwenda kumsaidia kufua. Shemeji aliingia, akauliza kwa upole kama anahitaji kitu. Spika aliweka shuka chini.

"Nahitaji unieleze," akasema. Ilibidi sote tusogee ili tumsikie. "Tulikuwa tunaokoa nini?"

"Mke wangu, nilikosa. Nimeshasema nilikosa."

"Sijakuuliza hilo. Tulikuwa tunaokoa nini?"

Ndipo akamweleza habari ya baba yake. Kwao kulikuwa na shamba. Mzee alianguka siku moja, mwili ukapooza upande mmoja, akakaa hospitali mpaka shamba likauzwa lote, na bado akafa. Shemeji alikuwa kijana, aliona wanunuzi wakipima shamba kwa hatua. Tangu siku hiyo akaapa hospitali haitamla tena. Aliyasema hayo akiwa ameshika ukingo wa mlango, na nakiri moyo wangu ulilegea kidogo.

Wa Spika haukulegea. "Kabla ya kuanguka alikuwa anaumwa nini?"

"Hakuwa anaumwa. Kichwa tu kilikuwa kinamsumbua."

"Kwa muda gani?"

"Miaka."

"Aliwahi kupimwa presha?"

Shemeji akaachia ukingo wa mlango.

"Mnasema hospitali ilikula shamba lenu. Shamba mlilikula nyinyi, mlipokuwa mnamtazama mzee anashika kichwa na kumpa majani achemshe. Na ukaja kunila na mimi." Akakohoa, akajifuta mdomo. "Hela yangu usiishike tena. Na lile kopo litoke humu ndani leo."

Mimi ndiye niliyelibeba. Nililipeleka kwenye duka la dawa la hospitali, mfamasia akatazama ndani, akatikisa kichwa, akasema wataviteketeza. Vingine vilikuwa vimepitwa na muda kabla kitinda mimba wao hajazaliwa.

Spika alipopata nguvu, kitu cha kwanza alichofanya ni kuwachukua watoto na kwenda nao kituo cha afya cha serikali. Hakwenda kwa daktari wa kulipia pale barabarani, mwenye vioo vya giza na zulia. Kituo kile ni kizee, rangi imebanduka, na foleni inaanzia getini, lakini kina chumba cha meno, na tulikuwa tunakipita kila siku tukienda sokoni. Tulikaa kwenye benchi mpaka makalio yakafa ganzi. Mdogo meno yake yalikuwa salama. Binti alikutwa na kitundu kwenye gego la chini, kama la mama yake. Wakakiziba palepale. Tukapewa risiti, binti akatoka anajigusa shavu na kusema hausikii mdomo wake.

Spika aliitazama bei kwenye ile risiti, akaanza kulia. Nikadhani ni furaha. Nikamwambia ashukuru Mungu mtoto amewahiwa.

"Usiniambie nishukuru," akasema. "Bei ya sabuni na sukari. Walinitoboa koo kwa bei ya sabuni na sukari."

Watu kwenye foleni walikuwa wanatutazama. Hakujali.

Tangu hapo nyumba yao ikabadilika, na haikubadilika kwa raha. Alibadilisha kila kitu kwa hasira, kama mtu anayefukuza panya. Maji yakawa yanachemshwa. Vyandarua vipya. Miswaki mipya, na jioni anasimama juu ya watoto kama askari wa jela mpaka povu litoke. Soda zikapigwa marufuku. Daktari akimwandikia dawa, anamuuliza hapohapo kama kuna ya jina jingine inayofanya kazi ileile kwa bei nafuu, na mara nyingi ipo. Akiambiwa apige picha au apime kitu, anauliza majibu yatabadilisha nini. Wapo waliomjibu vizuri, wapo waliomwona mjuaji, lakini dawa akishakubali kuinunua anaimaliza yote, hata akijisikia mzima. Bima ya watu wasioajiriwa, ambayo tulikuwa tunaipuuza sote, akajiandikisha, akanisukuma na mimi mpaka nikajiandikisha ili aache kunisumbua.

Sokoni, hata hivyo, mambo yalikuwa mabaya. Mnada bila sauti si mnada. Kijana mmoja mwenye kipaza sauti cha betri alihamia kona ya pili na kuchukua wateja. Spika akawa anaandika bei kwenye vipande vya boksi na kuvibandika kwenye mapazia, anakaa. Wateja wa zamani wanapita, wanamtazama shingo, wanaogopa kuuliza. Mapato yakashuka. Jina Spika watu wakaliacha kwa aibu, wakaanza kumwita Mama tu, na hilo lilimuudhi kuliko yote. "Kwani nimekufa?" aliniuliza. "Waambie waniite jina langu."

Mzee wa Sinia naye hakuacha kupita. Asubuhi moja alisimama mbele ya meza zetu, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni anamwomba kitu cha sikio la mtoto. Mzee akachukua kidonge cha rangi mbili, akakivunja kati, poda ikamwagikia kwenye karatasi. "Nusu tu, inamtosha, ni mdogo."

Spika aliinuka. Nilijua kitakachotokea, nikamshika nguo, ikaniponyoka. Alilipiga lile sinia kwa mikono miwili kutoka chini. Vidonge viliruka, vikamwagika kwenye matope, kwenye nyanya, ndani ya ndoo zangu.

Mzee hakupigana. Alipiga magoti akaanza kuokota. "Unanionea," akasema. "Wewe una kituo cha afya karibu. Huyu mama anatoka mbali, akienda huko foleni itamla siku nzima, na kesho hana kibarua. Mimi nisipompa, nani anampa?"

Alikuwa amesema kweli, na hilo lilimzidishia Spika hasira. Akamfungulia shingo mbele ya watu wote, akamwonyesha kovu. Kisha akamshika mkono yule mama, akaniachia mimi meza yake, akaondoka naye kwenda kituoni. Walirudi alasiri. Mtoto alikuwa na usaha sikioni, wamesafisha, wamempa dawa ya maji. Yule mama alipoteza kibarua cha siku hiyo kweli.

Mwenyekiti wa soko alimwita Spika aombe radhi na kulipia mali aliyoharibu. Alilipa. Radhi hakuomba. Alimwambia mwenyekiti, kwa ile sauti yake ya kukwaruza, kwamba badala ya kumfungulia yeye kesi, akiandikie kituo kilete wauguzi sokoni japo mara moja kwa mwezi, ili mtu asichague kati ya sikio la mtoto na kibarua. Mwenyekiti akasema atalifikiria. Spika akamfuata kila asubuhi kumuuliza kama ameshafikiria, mpaka mwenyekiti akawa anapita mlango wa nyuma. Barua ikaandikwa. Wauguzi wakaja, wakiwa na meza, mizani na mashine ya presha. Mpaka leo wanakuja, miezi mingine wanakosa, Spika anawafuata kwao kuwauliza kulikoni.

Siku ya kwanza walipokuja, alimleta Shemeji. Alikuja ananyata kama anayepelekwa polisi. "Mimi sina tatizo," akamwambia muuguzi. "Kichwa tu kinanisumbua kidogo." Niliona Spika akifumba macho.

Walimpima, wakampumzisha, wakampima tena. Presha ilikuwa juu sana. Wakampeleka kituoni, akaanzishiwa vidonge vya kila siku, vya bei rahisi kabisa, na kuambiwa apunguze chumvi na atembee. Kutembea alikubali, pikipiki haikuwepo tena.

Haukupita muda, Spika akagundua kwamba vidonge haviishi. Mtu anakunywa dawa, dawa haiishi, muujiza. Alimkuta bafuni na wembe, anakikata kidonge nusu kwa usahihi wa fundi. Nusu nyingine ya kesho.

Hakupiga kelele, hana kelele. Alimwambia avae shati. Akanipitia na mimi, sijui niwe shahidi au niwe kizuizi, tukaenda watatu mpaka kituoni, na mbele ya muuguzi akasema, "Mweleze mwenyewe."

Shemeji akaeleza akitazama viatu vyake. Muuguzi, mama mtu mzima, aliweka kalamu chini. "Baba, kidonge kizima kinazuia kiharusi. Nusu kinakupa moyo tu. Ukipooza, nani atakugeuza kitandani?"

"Si mimi," Spika akasema.

Shemeji alimtazama mkewe. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alielewa kwamba yale maneno ya mchana ule wa kufua hayakuwa ya hasira za kupita. Mkewe alikuwa ameshapiga hesabu zake. Macho ya Shemeji yakajaa maji, akayafuta kwa mkono wa shati.

Sasa anameza kizima, kila asubuhi, mbele ya mkewe, kisha anapanua mdomo kuonyesha kama mtoto. Presha imeshuka. Kiwanja hakipo, na hawajaanza kukizungumzia tena. Wanalala chumba kimoja. Zaidi ya hapo sijui, wala sikuuliza, ila juzi nilipowapita njiani wakienda kuchukua dawa zake za mwezi, mke alikuwa ametangulia, mume nyuma hatua kadhaa, amebeba furushi la mashuka la mkewe begani. Mvua ikaanza. Spika alikuwa na mwavuli. Aliufungua, akaendelea kutembea. Baadaye kidogo akasimama, bila kugeuka nyuma, akangoja.